Kutoka milioni 8 hadi milioni 24: kisa cha bima ya hospitali moja Mbeya na swali la fidia za uzembe wa kitabibu

Mwanzoni mwa Januari 2024 hospitali moja ya binafsi jijini Mbeya, yenye vitanda 80, ilipokea barua ya kuhuisha bima yake ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa mgonjwa akiumizwa kwa uzembe wa watumishi. Ada ya mwaka uliopita ilikuwa shilingi milioni 8. Ya mwaka mpya, milioni 24. Sababu ilikuwa mstari mmoja: kupanda kwa malipo ya fidia za uzembe wa kitabibu. Bodi ilibaki na wiki tatu za kuamua kama italipa, itahamia kampuni nyingine au itafanya kazi bila bima.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya mafunzo. Hospitali, mgonjwa, kampuni ya bima na fedha zao ni vya mfano. Sheria zinazotajwa ni halisi, na takwimu za Marekani na Uingereza ni halisi. Kiini chake ni swali ambalo wamiliki wa hospitali kuanzia Iringa hadi Kyela wanatakiwa kulijibu kwa fedha zao: je, kweli fidia zinapanda?

Daftari la miaka kumi

Mhasibu alitoa kila malipo yaliyoandikwa kama fidia kuanzia 2014 hadi 2023. Tukiyagawa katika vipindi viwili vya miaka mitano, yanakaa hivi:

2014–2018, madai 6 yaliyolipwa: milioni 1.5, milioni 2, milioni 2, milioni 3, milioni 4.5 na milioni 11. Jumla milioni 24.

2019–2023, madai 5 yaliyolipwa: milioni 2, milioni 3, milioni 3, milioni 6 na milioni 66. Jumla milioni 80.

Wastani wa dai moja kipindi cha kwanza ni milioni 4, kipindi cha pili milioni 16. Umepanda mara nne, na mtu wa bima akiiweka namba hiyo mezani ni vigumu kubishana naye. Sasa yapange madai kuanzia dogo hadi kubwa, utazame lililo katikati. Kipindi cha kwanza katikati inaangukia kati ya milioni 2 na milioni 3, yaani milioni 2.5. Kipindi cha pili ni milioni 3. Kutoka katikati ya kipindi kimoja hadi katikati ya kingine ni miaka mitano. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 4 kwa mwaka, ambao hauko mbali na hali ya Tanzania ya miaka hiyo, milioni 2.5 ya 2016 ni sawa na milioni 3.04 ya 2021. Dai la katikati halijapanda hata kidogo. Lililoburuta wastani kwenda juu ni dai moja, lile la milioni 66.

Kisha kuna wingi wa kazi. Kipindi cha kwanza hospitali ilihudumia wazazi na wagonjwa wa upasuaji 12,000, kipindi cha pili 20,000. Madai 6 kwa huduma 12,000 ni madai 5 kwa kila huduma 10,000. Madai 5 kwa huduma 20,000 ni 2.5 kwa kila 10,000. Kwa hesabu hiyo uzembe unaolipiwa umepungua kwa nusu, na mganga mfawidhi alikuwa ameshaandaa taarifa ya kuisifu timu yake. Hapo ndipo ilipobidi kusimama.

Hadi 2018, familia ikija kulalamika pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na hospitali ikakubali kufuta bili ili yaishe, bili ile iliandikwa kwenye daftari la fidia. Madai ya milioni 1.5 na yale mawili ya milioni 2 yote yalikuwa bili zilizofutwa. Mwaka 2019 uliletwa mfumo mpya wa hesabu wa kompyuta, na bili zote zilizofutwa zikaingizwa kwenye fungu la misamaha ya ustawi wa jamii, pamoja na za wazee na wasiojiweza. Kupekua fungu hilo kulitoa majalada 7 yenye barua ya malalamiko ndani yake: kidonda kilichooza baada ya upasuaji, mgonjwa aliyepewa dawa ya jirani yake wa kitanda, mtoto aliyevunjika mfupa wa bega wakati wa kuzaliwa. Bili zilizofutwa zilikuwa kati ya shilingi 400,000 na 900,000, jumla milioni 4.2.

Yarudishe majalada hayo mahali pake. Kipindi cha pili sasa kina matukio 12 kwa huduma 20,000, sawa na 6 kwa kila 10,000. Ile nusu iliyopungua imeyeyuka. Kama kuna mabadiliko, ni kuongezeka kidogo. Wastani nao umeshuka kutoka milioni 16 hadi milioni 7 bila mtu hata mmoja kulipwa pungufu, na dai la katikati halifiki milioni 1. Daftari lile lile, watu wale wale, na majibu matatu tofauti kutegemea nini kimeitwa fidia. Yeyote anayetaka kujua kama malipo yanapanda aanzie hapa, kwenye fungu la misamaha, kabla hajagusa kikokotoo.

Hata hivyo daftari halihesabu walioumia. Linahesabu waliokuja. Uchunguzi mkubwa wa majalada ya wagonjwa wapatao 30,000 waliolazwa New York mwaka 1984 ulionyesha kwamba kati ya walioumizwa kwa uzembe, chini ya 2 kwa kila 100 ndio waliofungua madai. Huko kuna mawakili kila kona. Mama wa kijijini Chunya anayerudi nyumbani na maumivu na kuambiwa ni mapenzi ya Mungu hatokei kwenye daftari lolote, na idadi ya madai ikiongezeka huenda maana yake ni kwamba watu kama yeye wameanza kujua haki yao.

Dai la milioni 66

Mama wa miaka 26, mkulima wa mpunga kutoka Igurusi, mimba ya pili. Alifanyiwa upasuaji wa dharura wa uzazi katikati ya Novemba 2020, saa nane usiku, baada ya mapigo ya moyo wa mtoto kushuka. Zamu ilikuwa na daktari wa upasuaji mmoja, mtaalamu wa usingizi mmoja na wauguzi wawili: mmoja wa kumpa daktari vifaa, mwingine wa kuzunguka chumbani, kufungua vifurushi na kuandika hesabu.

Gozi za chumba kile zilikatwa hapo hapo hospitalini kutoka kwenye roli, zikakunjwa, zikafungwa kumi kumi na kuchemshwa kwenye otoklevu. Hazikuwa na ule uzi unaoonekana kwenye eksirei. Vifurushi viwili vilifunguliwa. Kwenye ubao kukaandikwa 20, kwa sababu kumi na kumi ni ishirini. Kifurushi kimoja kilikuwa na 11.

Mtoto alitoka hajalia. Muuguzi wa kuzunguka alimpokea, akamkimbiza kwenye meza ya joto, akaanza kumpa hewa kwa mpira na barakoa. Alikuwa sahihi kabisa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kufanya hivyo. Lakini kuanzia hapo gozi zilihesabiwa na mtu mmoja badala ya wawili, tena mwenye mikono ndani ya kazi. Kabla ya kufunga tumbo daktari aliuliza, "Sista, gozi zimetimia?" Akajibiwa, "Zimetimia, daktari." Na kweli zilikuwa 20. Ya 21 ilibaki nyuma ya mfuko wa uzazi.

Hapa ndipo wengi hukosea wakisoma kisa kama hiki. Wanatafuta aliyedanganya au aliyelala. Hesabu ya mwisho haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya kwanza, iliyochukuliwa kutoka kwenye lebo ya kifurushi bila kifurushi chenyewe kuhesabiwa. Kila gozi hutenganishwa na kuhesabiwa kwa sauti, watu wawili wakitazama, kabla kisu hakijagusa ngozi. Tena kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, tena kabla ya kufunga tumbo, tena mwisho kwenye ngozi. Kifurushi chenye pungufu au ziada hakirekebishwi: kinaondolewa chote chumbani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 2009 lina vipengele 19, inataka hesabu ya vifaa na gozi itamkwe kabla mgonjwa hajatoka chumbani, lakini kutamka hakusaidii ikiwa namba ya kuanzia ni ya kubuni.

Mama aliruhusiwa siku ya nne. Wiki ya pili homa na maumivu vikaanza. Zahanati ya kwanza ilimpima Widali na kumpa dozi ya taifodi, ya pili ikampa dawa za mkojo. Wiki ya tano, tumbo likiwa limevimba upande wa kushoto, kipimo cha utrasaundi kwenye hospitali nyingine jijini kilionyesha uvimbe wenye kivuli kizito. Walipofungua walikuta gozi imeshikamana na utumbo mdogo. Sentimita 18 za utumbo zikakatwa na kuungwa. Alilazwa siku 23. Alitoka wakati wenzake wa Usangu wako mashambani wanapandikiza mpunga, na yeye haruhusiwi kuinama wala kubeba ndoo.

Kutoka barua ya wakili hadi hundi

Barua ya wakili ilifika Desemba 2021. Iliwahi: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri la madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mgonjwa akiwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa baada ya kufikia utu uzima, na ndiyo sababu majalada ya uzazi hayachomwi baada ya miaka mitano. Ingekuwa hospitali ya serikali au ya halmashauri, njia ingekuwa nyingine: notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha shauri Mahakama Kuu, huku Mwanasheria Mkuu akiunganishwa kama mdaiwa. Tangu marekebisho ya 2020, kumwacha nje kunaharibu shauri zima. Watu hupoteza madai mazuri kwa kosa hilo tu, na malipo yasiyotoka kwa sababu hiyo nayo huhesabiwa kama "madai yaliyopungua".

Hospitali nayo ilikosea mwanzoni. Barua ilikaa wiki 11 mezani kwa meneja, akitumaini kuyamaliza na familia. Bima ya aina hii hufuata mwaka ambao dai limetolewa, na karibu kila mkataba wake unadai taarifa itolewe mara moja. Kampuni ilikuwa na sababu ya kukataa, ikaamua kutokukataa. Kulikuwa na tundu la pili pia. Daktari aliyefanya upasuaji alikuwa wa muda, na orodha ya waliokatiwa bima ilitaja waajiriwa wa kudumu pekee. Hospitali ilinusurika kwa kuwa muuguzi wa gozi alikuwa mwajiriwa wake.

Hati ya madai ilidai milioni 250. Milioni 12 zilikuwa fidia mahususi, zile gharama zinazoweza kuandikwa shilingi kwa shilingi. Milioni 238 zilikuwa fidia ya jumla, kwa maumivu na maisha yaliyobadilika. Uwezo wa mahakama kusikiliza shauri hupimwa kwa fidia mahususi, si ya jumla, kwa hiyo shauri lilifunguliwa Mahakama ya Hakimu Mkazi.

Utetezi kwamba karatasi ya hesabu inasomeka 20 kwa 20 haukufika mbali. Gozi haiingii tumboni yenyewe. Tukio lenyewe linazungumza, na mzigo wa kueleza unahamia kwa aliyekuwa na chumba mikononi mwake. Kipimo cha Bolam, kilichotokana na kesi ya Uingereza ya 1957, kinachomlinda daktari aliyefuata utaratibu unaokubalika na wenzake, hutumika kwa ushawishi katika mahakama zetu, lakini tangu uamuzi wa Bolitho wa 1997 utaratibu huo lazima pia uwe na mantiki. Kuhesabu lebo badala ya gozi hakuna mantiki ya kuitetea. Na fomu ya ridhaa aliyosaini mama ilikubali hatari za upasuaji; haikukubali uzembe.

Usuluhishi wa Novemba 2023 ulichambua kila kipengele. Bili ya upasuaji wa pili na kulazwa, milioni 6.4, ilikuwa na stakabadhi zote, ikapita nzima. Nauli na chumba cha ndugu aliyemuuguza zilidaiwa milioni 1.1, stakabadhi zikafika shilingi 600,000. Mpunga ndio uliobishaniwa zaidi. Wakili alidai ekari 3, gunia 20 kwa ekari, shilingi 75,000 kwa gunia: milioni 4.5. Hiyo ni bei ya mauzo. Mkulima halimi bure. Mbegu, kulima kwa trekta, vibarua wa kupandikiza, mbolea na kuvuna vilikadiriwa shilingi 500,000 kwa ekari, kwa hiyo kilichopotea hasa ni milioni 3. Ushahidi ulikuwa daftari la mashine ya kukoboa lenye mizigo yake ya misimu miwili iliyotangulia, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji. Mahakama zetu zinasisitiza kwamba fidia mahususi itajwe bayana na ithibitishwe kikamilifu. Daftari la mashine, lenye tarehe na idadi ya gunia, lina nguvu kuliko mashahidi watano wa mdomo.

Milioni 10 kwa gharama, milioni 52 fidia ya jumla, milioni 4 gharama za shauri. Milioni 66. Habari zilizokuwa zimesambaa mjini, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, zilikuwa za milioni 250, na hiyo ndiyo namba inayobaki vichwani. Kiasi kinachodaiwa hutangazwa shauri linapofunguliwa. Kiasi kinacholipwa kwa suluhu hakitangazwi popote. Kwetu hakuna daftari la taifa ambalo mwananchi anaweza kulifungua akaona malipo yote. Kinachoonekana ni hukumu, na shauri linalofika hukumu mara nyingi ni lile ambalo pande zilishindwa kukubaliana. Ukipima bei ya fidia kwa hukumu na vichwa vya habari, umepima kona moja ya chumba.

Hospitali ilishauriwa vema kutokukomaa hadi hukumu. Sheria haina kikomo kilichoandikwa cha fidia ya jumla katika madai ya aina hii, na mahakama ya rufaa haigusi kiasi alichoweka hakimu ila kikiwa kimetokana na msingi usio sahihi au kikipita mno juu au chini. Deni la hukumu hubeba riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Milioni 66 zikikaa miaka 3 kwenye rufaa huzaa karibu milioni 13.9 nyingine, na kumwacha mama huyo akisubiri miaka 3 zaidi.

Yanayotokea Marekani na Uingereza

Barua ya bima ilitaja "mwelekeo wa kimataifa". Mwelekeo upo, lakini haufanani nchi hadi nchi.

Marekani ina daftari la taifa lililofunguliwa Septemba 1990, ambamo kila malipo yanayotolewa kwa niaba ya daktari lazima yaandikwe. Utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha miaka ya 1992–1996 na 2009–2014. Madai yaliyolipwa yalishuka kutoka 20.1 hadi 8.9 kwa madaktari 1,000 kwa mwaka, zaidi ya nusu. Wastani wa malipo, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, ulipanda kutoka dola 286,751 hadi dola 353,473. Machache zaidi, makubwa zaidi. Sehemu ya maelezo ni kwamba wakili wa huko hulipwa asilimia ya kile anachoshinda, na majimbo mengi yaliweka ukomo wa fidia ya maumivu: California iliuweka dola 250,000 mwaka 1975 na haikuuongeza hadi marekebisho yaliyoanza 2023. Kesi ndogo haimlipi wakili, kwa hiyo haifunguliwi, na zinazobaki kwenye hesabu ni nzito. Wastani unaweza kupanda kwa sababu wadogo wamefungiwa mlango, bila fidia ya jeraha lolote kuongezeka. Mtu wa Mbeya mwenye dai la milioni 2 anaujua mlango huo.

Uingereza ni kisa kingine. Mfuko unaolipa madai dhidi ya huduma ya taifa ya afya ulitoa takriban pauni bilioni 2.8 mwaka 2023/24, na sehemu kubwa ni madai ya uzazi, hasa watoto waliopata mtindio wa ubongo. Machi 2017 serikali ilibadili kiwango kinachotumika kugeuza gharama za miaka ijayo kuwa kitita cha leo, kutoka asilimia 2.5 hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri. Chukua mtoto anayehitaji uangalizi wa pauni 100,000 kwa mwaka kwa miaka 40. Kwa kiwango cha zamani kitita chake ni kama pauni milioni 2.5. Kwa kipya, karibu milioni 4.7. Mtoto ni yule yule, jeraha lile lile, na hakuna mkunga aliyekosea zaidi ya jana. Kiwango hicho kimebadilishwa tena 2019 na 2025, na sasa ni asilimia 0.5 juu ya sifuri. Kitita cha mtoto huyo kinakuwa kama milioni 3.6.

Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayohusu gozi ya Mbeya. Hapa hakuna baraza la wananchi wa kawaida linalokaa mahakamani na kupanga fidia kama Marekani, wala kiwango cha serikali cha kugeuza miaka 40 kuwa kitita. Anayetumia grafu ya London kupandisha ada Nyanda za Juu Kusini aonyeshe zinaunganishwa na nini.

Ada inayostahili

Bodi iliomba taarifa ya madai ambayo kampuni ilitumia kukokotoa ada. Ilikuwa imechapishwa Septemba 2023, miezi miwili kabla ya suluhu. Dai la gozi lilikuwa limetengewa akiba ya milioni 120, na akiba hiyo ilihesabiwa kana kwamba fedha zimeshatoka. Kutenga akiba ni wajibu wa kampuni na si kosa. Kosa ni kupanga bei ya mwaka mpya kwa akiba iliyopitwa na wakati.

Hospitali hubeba milioni 3 za kwanza za kila dai. Kwa hiyo kampuni ililipa milioni 9.5 katika kipindi cha kwanza (1.5 kwenye dai la 4.5, na 8 kwenye dai la 11), na milioni 66 katika cha pili (3 kwenye dai la 6, na 63 kwenye dai la 66). Jumla milioni 75.5 kwa miaka kumi, wakati ada zilizokusanywa ni milioni 70: milioni 6 kwa mwaka kwa miaka mitano, kisha milioni 8. Kampuni ilipoteza, hata kabla ya mishahara na kodi ya ofisi. Bodi haikufurahia kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Gawa milioni 75.5 kwa huduma 32,000: shilingi 2,359 kwa huduma. Mwaka 2023 hospitali ilitoa huduma 4,200, sawa na milioni 9.9 za madai yanayotarajiwa. Kampuni ikihitaji asilimia 30 ya ada kwa uendeshaji na faida, ada inakuwa milioni 14.2. Rudia kwa akiba ya zamani, yaani milioni 120 mahali pa 63, unapata milioni 24.8. Milioni 24 za kwenye barua zilitoka hapo.

Lakini hesabu ya milioni 14.2 nayo imebeba dhana moja nzito: kwamba dai la ukubwa ule hutokea mara moja katika miaka kumi. Ukilichukulia kuwa la mara moja katika miaka ishirini, ada inashuka hadi milioni 8.3, karibu sawa na ya zamani. Hospitali moja haina matukio ya kutosha kuamua lipi ni kweli. Kulifuta dai hilo kana kwamba ni bahati mbaya si haki pia; bima hukatwa kwa ajili ya dai la namna hiyo hasa, na mama wa Igurusi asingelipwa na fungu la misamaha.

Kwa hiyo ada ilistahili kupanda, na sababu iliyoandikwa haikuwa ya kweli. Bei ya jeraha la kawaida haijasogea. Kilichobadilika ni wingi wa huduma, ambao mkataba wa milioni 8 haukuwahi kuuhesabu, na jeraha moja zito.

Bodi iliandika barua ya kurasa mbili. Iliambatisha hati ya suluhu, idadi ya huduma kwa kila mwaka, na daftari la fidia likiwa na zile bili 7 zilizofutwa, kwa kuwa kuzificha kungeweza kuvunja mkataba baadaye. Iliomba majina ya madaktari wa muda yaingizwe kwenye bima. Ikajitolea kubeba milioni 5 za kwanza badala ya 3: malipo ya kampuni kwa miaka kumi yangeshuka hadi milioni 68, na ada kwa hesabu ile ile hadi milioni 12.8. Hospitali ingeokoa milioni 1.4 kwa mwaka na kubeba karibu milioni 1 zaidi ya madai, faida ndogo ila ya kweli, mradi milioni 5 ziwepo benki siku zikihitajika.

Kampuni ilijibu ndani ya siku tisa: milioni 13.5, hospitali ibebe milioni 5 za kwanza za kila dai, madaktari wa muda ndani. Sharti lilikuwa moja. Gozi zinunuliwe zenye uzi wa eksirei, zifungwe tano tano, na kila upasuaji wa usiku uwe na muuguzi wa tatu ambaye kazi yake ni kumpokea mtoto.